Mabaka ya Bawa la Kushoto

Nilitoka kununua msasa tu. Duka liko kona ya pili; unakwenda na kurudi chai haijapoa. Jua lilikuwa linazama. Niliporudi nikakuta mlango wa karakana yangu uko wazi, nami nilikuwa nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Alikuwa ndani. Yule mteja.

"Hodi huijui?" nikamwuliza.

"Nimekuja kuiona ndege," akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili.

Mimi ni fundi wa mifano. Nimetengeneza shule, madaraja, hata uwanja wa mpira, vyote vya kuwekwa mezani ili wakubwa wavizunguke wakitikisa vichwa. Siku hizi wakubwa wanatazama kompyuta na mimi natazama dari. Ndiyo maana mzee huyu alipokuja akitaka ndege ya kivita yenye mabaka ya jangwani, sikuuliza mengi. Alinitajia namba ya mkiani. Nikashtuka, kisha nikacheka peke yangu. Ilikuwa ndege ya mdogo wangu.

Mdogo wangu ni rubani wa jeshi. Tulikuwa hatusemezani tangu mama azikwe bila yeye kuwepo. Lakini picha za ndege yake ninazo, alinitumia zamani akijigamba: mgongoni, ubavuni, tumboni. Nikaifanya kazi kwa hasira, na kazi yangu ya hasira hutoka safi. Kila mita ya ndege ikawa sentimita mbili mezani, kila baka nikalipima. Mwenye kubisha alete rula.

Basi jioni ile ndege ilikuwa juu ya boksi la kahawia, chini ya pua ya mzee.

"Iko wapi?" akauliza.

Nikadhani ananitania. "Ikikusogelea zaidi itakung'ata."

Hakucheka. Macho yake yalipita juu ya ndege, yakarudi, yakapita tena. Nikasema moyoni, masikini, macho yamechoka. Papo hapo akainama, akaokota sindano sakafuni, sindano niliyoisaka wiki nzima nisiione. Akaniwekea kiganjani.

Vidole vyake vilikuwa vya moto. Na alinuka... mchanga uliochomwa na jua, na mafuta ya taa.

Nikaisukuma ndege mpaka ikamgusa mkono. Akafumba macho, akaanza kuipapasa. Ukipaka rangi mbili, ya kwanza unaiziba kwa tepu ya karatasi. Ukiibandua, mpakani panabaki kituta chembamba. Fundi anayejiheshimu hukiondoa kwa msasa. Vidole vyake vilikuwa vinafuata vituta hivyo, baka hadi baka, polepole, kama mtoto anayekariri somo.

"Kesho napiga msasa," nikasema. "Itakuwa laini."

"Usipige."

"Kazi yangu haitoki na vituta, mzee."

"Usipige msasa!"

Makopo ya rangi yakatikisika kwenye rafu. Kisha akanong'ona, "Kutoka juu haonekani. Anapita chini yangu, naona mchanga tu."

"Nani haonekani?"

"Mdogo wako."

Sikuwa nimemwambia nina mdogo.

Alipoondoka, akiahidi kuichukua kesho yake jua likizama, nilipiga simu.

"Leo umekumbuka una ndugu?" mdogo wangu akaanza.

"Nyamaza unisikilize. Umeona kitu chochote huko angani?"

"Dada, umeanza kupiga ramli?"

"Nijibu!"

Halafu sauti yake ikashuka. "Kuna kivuli. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu, na kivuli kinaniangukia juu ya bawa. Rada haioni kitu. Kinatafutatafuta... kinapotea. Nani kakuambia?"

"Usiruke tena."

"Mimi ni askari, dada. Sina duka la kufunga nikijisikia."

Akakata. Nilimchukia kwa kiburi chake, na nilimpenda mpaka kifua kikaniuma. Damu nzito kuliko maji, walisema, na mimi ndiye niliyekuwa nimemchora damu yangu, baka kwa baka, nikamkabidhi yule kiumbe.

Kutwa ya kesho yake niliikwangua rangi yote. Nikaipaka upya mabaka ya kichwani mwangu, ya uongo mtupu. Kwenye bawa la kushoto nikaweka baka kubwa lenye umbo la figo. Vituta nikaviacha. Sijawahi kufanya kazi mbovu kama ile.

Akaja. Akapapasa. Kwenye bawa la kushoto akakawia.

"Sasa namjua."

Nilitamani kumtemea mate. Nikamfungulia mlango tu, nikaufunga kwa komeo na kuuegemezea meza.

Haikupita wiki, redio ikatangaza. Ndege ya kivita imepotea jangwani, hali ya hewa ikiwa shwari. Nikampigia mdogo wangu. Ikaita... ikaita... ikaita...

"Haloo?"

Nililia kwa furaha. Kuna mama mahali fulani alikuwa analia kwa jambo lingine, na sikumjali.

Mdogo wangu alikuja kwangu moja kwa moja kutoka kikosini, jioni, na sare zake za mabaka zenye vumbi. Hatukuzungumzia mazishi ya mama. Alinikumbatia, akajitupa kwenye kiti cha pembeni, mbele ya maboksi yangu.

"Alikuwa rafiki yangu," akasema. "Ndege yake ilikuwa imetoka matengenezoni. Bawa walilipaka upya harakaharaka, mafundi wakajichorea walivyotaka."

Akanipa simu nione picha.

Bawa la kushoto. Baka lenye umbo la figo.

Nilitaka kumwambia. Nikafungua mdomo, lakini harufu ikanitangulia... mchanga, mafuta ya taa...

Komeo likafunguka lenyewe.

Mzee aliingia, akamwaga mezani vipande vya ndege niliyomtengenezea. "Siye," akasema. "Nimemshika. Nimemfungua. Nimemtazama mpaka ndani. Siye! Umenidanganya, mwanamke."

Macho yake yakaanza kuzunguka chumba. Rafu. Dirisha. Mimi. Yakampitia mdogo wangu pale kitini, karibu kabisa naye. Yakarudi, yakampitia tena.

Hamwoni!

Zile sare... Rangi ya mchanga mbele ya maboksi ya kahawia. Nikaweka kidole mdomoni. Nikamkazia mdogo wangu macho, nikimsihi: usitikisike, usipumue. Yeye akanitazama akishangaa. Kisha akamtazama mgeni, mvi zake, mgongo wake uliopinda. Mama alitulea kwa adabu, na mdogo wangu, kwa kiburi chake chote, hajawahi kumwacha mtu mzima bila salamu. Nikaona anajiweka sawa kitini. Nikatikisa kichwa, nikatikisa tena...

"Shikamoo, mzee," akasema.

Mzee akageukia kule sauti ilikotoka, akatabasamu, akanyoosha vidole vyake.

"Marahaba, mwanangu."