Programu Niliyoichagua Ilimtoa Dada Yangu Kwenye Kibanja

Nina miaka hamsini na tisa, ninaishi Rwamishenye, sina mume na sitafuti. Haya nimeyafungia moyoni karibu miaka thelathini. Msinihurumie mimi. Wa kuhurumiwa ni mwingine.

Sisi wa Kagera tulizika sana. Vita vya Amin vilipokwisha tulidhani tumepumua, kumbe ugonjwa ulikuwa mlangoni... Wakati wa ugonjwa huo nilipata kazi ya ukarani katika ofisi moja mjini Bukoba, iliyosaidia wajane na yatima wa Muleba.

Tulikuwa na maandishi ya aina mbili. Kila familia ilipewa taarifa ya msaada, nayo ilisomwa mbele ya ukoo. Halafu kulikuwa na maelezo yetu wenyewe: nani anaumwa, nani amepimwa, nani analala njaa. Hayo yalikaa kwenye kabati, na ufunguo niliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Kisha zikaja kompyuta mbili, zimeunganishwa kwa waya. Fundi kutoka Mwanza akatuonyesha programu mbili. Ya kwanza ilitenga taarifa na maelezo, kila upande na neno lake la siri, lakini ilibidi kuandika mara mbili. Ya pili iliweka mambo yote ya familia kwenye ukurasa mmoja. Sote tungeandika humo, na taarifa ingechapwa humo humo. Fundi alituonya kwamba kabla ya kuchapa lazima tufute yasiyowahusu watu wa nje. Mkuu wetu aliniachia mimi nichague, kwa kuwa mchapaji nilikuwa mimi.

Mchumba wangu Projesti, aliyekuwa akitembelea familia vijijini, alinicheka.

"Waitu, mwenzangu Adventina, unataka kuandika mara mbili kama mtoto aliyepewa adhabu?"

Nikacheka naye. Nikachagua ya pili. Uvivu na mapenzi vikikutana kichwani, akili inapata wapi nafasi?

Wakati huo dada yangu Koku, mtoto wa mama mdogo, alikuwa amefiwa na mume huko Muleba. Alibaki na mabinti wawili, hakuwa na mtoto wa kiume. Shemeji yake alikimezea mate kibanja, ile migomba na kahawa aliyoipalilia Koku kwa mikono yake. Ukoo ungetoa uamuzi siku ya kumaliza matanga, na wazee wengi walielekea kumwachia Koku kibanja alee watoto.

Koku alikuja kwangu, akaniambia amepimwa na ana virusi. Mumewe hakuwahi kupimwa. Aliniomba nisimwambie mtu. Nami nikayaandika kwenye ukurasa wake, eti ndiyo kazi.

Siku ya matanga Projesti ndiye aliyepeleka taarifa. Alichapa mwenyewe ukurasa mzima, bila kunisubiri! Akausoma mbele ya ukoo, maneno yangu yote, mpaka nukta ya mwisho. Shemeji akasimama, akasema muuaji wa ndugu yao ndiye huyu, maana yeye ndiye aliyekutwa na ugonjwa. Wazee wakageuza uamuzi. Shemeji akapewa kibanja. Koku akaondoka na mikeka, sufuria na watoto, akapanga chumba Kibeta.

Projesti aliapa kwamba alisahau kufuta. Lakini mwaka uliofuata alijenga nyumba kwenye kona ya kibanja kile kile. Tangu lini mtu anazawadiwa kiwanja kwa kusahau? Nilimfukuza kwetu kama mbwa. Ninamchukia mpaka leo, na padri wangu anajua.

Lakini lililo baya zaidi nililifanya mimi. Koku alikuja ofisini, akaketi mbele yangu, akauliza nani aliyaandika yale. Nikamwambia kompyuta imekosea...

Akasimama.

"Mwana wa mama," akasema, "mimi sikuzungumza na kompyuta."

Akaondoka. Hakunisemesha tena mpaka alipokufa. Nilikwenda kumzika nikakaa nyuma kabisa, na watu wakadhani ninalia kwa uchungu wa ndugu tu.

Wasomaji wenzangu, mnaofanya kazi maofisini, mahospitalini, hata nyie mnaotunza daftari la jumuiya: kabla ya kuandika siri ya mtu, ulizeni nani ataisoma. Msiulize ni njia gani iliyo rahisi kwenu. Nawasihi. Urahisi wangu ulilipwa na watoto wa mwenzangu.

Binti mkubwa wa Koku ni mwalimu sasa, anakaa Hamugembe. Mwezi uliopita nilimpelekea maneno haya kabla ya kuyatuma popote, nikamwambia kila kitu. Aliyasoma yote amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Kisha akachukua kalamu, akafuta mistari miwili inayomhusu mama yake, akanirudishia karatasi.

Iliyobaki ndiyo hii mliyosoma.