Betri ya Jumwa na Neno la Katana

Mwaka wa 1990, mwezi wa Juni, masika yalipokwisha na kipupwe kikaanza kuwapoza watu wa Likoni, palikuwa na nyumba moja ya makuti yenye amani katika mtaa wa Shika Adabu. Mwenye nyumba aliitwa Katana, na kazi yake ilikuwa kuchaji betri za gari katika kibanda chenye umeme karibu na soko. Mkewe aliitwa Jumwa, na binti yao mdogo aliitwa Kafedha. Kila mchana Jumwa aliketi mlangoni akichagua mchele, na nyuma yake, juu ya kasha, redio ilisema. Umeme haukuwa umefika katika safu ile ya nyumba, kwa hiyo redio iliunganishwa kwa nyaya mbili na betri ya gari iliyowekwa chini ya kasha.

Betri ile haikuwa ya Katana. Sidi, mama yake Jumwa, aliuza mbuzi wawili kule Ganze akamnunulia bintiye.

"Mimi sijui kuandika," alimwambia, "na Likoni ni mbali kwa miguu yangu hii. Nikizidiwa, ndugu yako Garama atakutangaza redioni. Sikiliza kila mchana baada ya habari, mwanangu. Usije ukasema hukuitwa."

Pasaka ya mwaka ule miguu ya Sidi ilivimba. Tangu siku hiyo Jumwa hakukosa matangazo hata mara moja. Aliyasikiliza majina ya wagonjwa na ya marehemu hadi la mwisho, kisha akamshukuru Mungu na kurudia mchele wake.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana uovu huu haukuingia nyumbani kwa kuvunja mlango. Katana alifundishwa kazi na marehemu Mzee Rama, mume wa Bi Mwanasaumu, jirani yao. Mzee yule alimfundisha hivi: betri hulishwa kama mtoto mchanga, kidogo kidogo, mchana kutwa na usiku kucha, vizibo vikiwa wazi ipate kupumua. Maji yake yakipungua, hurudishiwa maji safi ya betri, si ya kisima. Ukiilisha kwa pupa huchemka, mabamba yake ya risasi hupinda, nayo hufa na joto tumboni.

Katana aliyajua hayo yote. Lakini mwezi ule Kombe la Dunia lilianza, na kila mwenye televisheni ndogo Likoni nzima alitaka betri yake siku hiyohiyo. Katana akaona mchana na usiku ni muda mrefu mno. Akaizungusha swichi ya mashine ya kuchajia hadi mwisho, na kazi ya siku nzima akaifanya kwa saa moja. Betri zilitokota kama sufuria za maharage. Kisha hata ile saa moja akaiona ndefu, akabuni uchafu mwingine. Mchaji betri hupima kwa kipimo cha kioo chenye chelezo kinachoelea ndani. Betri ikishiba, chelezo hupanda. Na tindikali ikizidi, chelezo hupanda vilevile, hata kama betri haina kitu. Basi Katana alifungua vizibo, akamimina tindikali badala ya kuchaji, akamwonyesha mteja chelezo kilivyopanda, akasema neno moja: "Imejaa."

Neno hilo alilitamka kwa uso mkavu mara thelathini kwa siku. Mtu wa namna hiyo hutia kinyaa kuliko mwizi wa kuku, kwa kuwa mwizi wa kuku, angalau, hakuambii kuwa kuku wako amenenepa.

Uchafu wake aliuleta hadi nyumbani. Masazo ya tindikali aliyamwaga nyuma ya jiko, mpapai ukanyauka. Nguo zake zilipofuliwa pamoja na leso za Jumwa, leso zilitoboka kama zilizoliwa na mende. Nyumba ilinuka harufu kali ya kukereketa koo, na Kafedha akawa anakohoa.

"Baba Kafedha, leso ya tatu hii," Jumwa alisema.

"Nitakununulia kumi."

"Na mtoto je? Utamnunulia mapafu?"

Katana alicheka. Jioni hiyo aliinama chini ya kasha, akaifungua betri ya Sidi na kuweka nyingine iliyochakaa.

"Waipeleka wapi betri ya mama?"

"Kwenye banda la televisheni, kule njia ya Shelly Beach. Yao imekufa. Ni kwa siku chache tu, nao wanalipa maradufu."

"Na matangazo yangu?"

"Si nimekuwekea hii? Imejaa."

Kesho yake mchana, habari zilipokwisha, mtangazaji alisema, "Yafuatayo ni matangazo," na redio ikanyamaza. Jumwa alizitikisa nyaya hadi vidole vikamwasha. Alikimbilia kwa majirani wawili. Redio zao nazo zilikuwa bubu, kwa kuwa betri zao zilitoka kwa Katana.

"Redio imekufa," alimwambia mumewe aliporudi. "Nirudishie betri yangu."

"Kesho."

Siku ya pili alimfuata kibandani, akamkuta amezungukwa na wateja.

"Katana, mama ni mgonjwa!"

"Mamako ni mgonjwa tangu Pasaka. Siku moja itamdhuru nini? Nenda nyumbani, unaniaibisha mbele ya watu."

Siku ya tatu alijibiwa vivyo hivyo.

Siku ya nne Garama aliingia uani, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Hakuketi, wala hakupokea maji.

"Hujambo, dada? Naona u mzima. Nilidhani umekufa nawe."

"Garama, kuna nini?"

"Tumekutangaza siku tatu. Siku ya kwanza mama alikuwa hai, akikuulizia kila gari lilipopita barabarani. Siku ya pili tulitangaza kifo. Siku ya tatu tulitangaza maziko. Jana tumemzika. Watu waliuliza, yuko wapi yule aliyenunuliwa betri?"

Jumwa hakuweza kulia. Alionyesha chini ya kasha tu kwa kidole. Bi Mwanasaumu, aliyekuwa amesimama ugani na kusikia yote, alikwenda kwake akaleta kipimo cha marehemu mumewe na taa ndogo ya gari. Akakitia kipimo, chelezo kikapanda juu kabisa. Akaunganisha taa, haikuwaka hata kwa wekundu wa sigara.

"Kipimo chasema imeshiba, na taa yasema ina njaa," alisema Bi Mwanasaumu. "Wallahi, ameitia tindikali. Huyu alikula kwangu miaka miwili, mume wangu akimfunza! Mwanangu Jumwa, wewe hukumtupa mamako. Umefungwa masikio."

Ndipo Jumwa alipolia. Akamfunga Kafedha mgongoni kwa leso yenye matundu, akafuatana na nduguye kwenda Ganze. Katana aliporudi alimkuta Bi Mwanasaumu amekaa mlangoni. Alijaribu kumwamkia, "Shikamoo, Bi."

"Usiniamkie. Mama mkweo amezikwa jana, na mkeo hakuwa na habari. Nenda ukaitazame ile betri ya mbuzi wawili."

Alikwenda. Betri ya Sidi ilikuwa imechemshwa kila siku pale bandani hadi ubavu wake ukatuna, na ndani maji yalikuwa meusi kama masizi.

FUNZO

Ndugu zangu, tamaa haimwibii jirani ikakiacha salama kitanda cha mwenyewe. Mpunja kazi hujipunja. Kila kazi ina muda wake, na anayeuiba muda wa kazi humwibia mtu asiyemwona. Pengine mtu huyo ni mama anayekata roho. Neno dogo kama "imejaa" ni amana. Ukilisema ilhali ni tupu, siku moja utalihitaji nawe, na hakuna atakayelisadiki.

Ama Katana, deni lake alililipa, kwa kadiri deni kama lile linavyolipika. Aliuza mashine yake akanunua betri mpya. Akamwomba Bi Mwanasaumu mashine ndogo kuukuu ya Mzee Rama, akaichaji betri ile kibandani mchana kutwa na usiku kucha, vizibo wazi, bibi yule akimtazama. Kisha akaipeleka Ganze, akaibeba kichwani kutoka barabarani hadi uani kwa marehemu Sidi, mbele ya waombolezaji wote, akaitua miguuni pa mkewe.

Jumwa aliinama akavigusa vizibo.

"Imejaa?" aliuliza.

 Katana akatoa mfukoni kipimo na taa, akampa kwa mikono miwili.

"Ipime mwenyewe," alisema.

Jumwa akaipima. Chelezo kilipanda, na taa ikawaka.