Kikombe cha Wafu

Siku ya gulio la Tarime watu walibanana hata mbuzi wakawa wanalilia njia. Mokami binti Mseti, ndani ya gauni la maua ya njano lililomshika kiuno, alisukumwa akaangukia vibatari vya fundi Swaleh. Vikatawanyika kwa kelele.

“Dada, vibatari vyangu ni vya kuwasha, si vya kulalia.”

Swaleh alikuwa kijana wa Pangani, mrefu, kofia ya kiua imekaa upande kwa maringo.

“Na wewe umepanga mabati yako njiani kwani njia ni ya baba yako?” Mokami alijipangusa vumbi. “Nataka mrija wa shaba. Mrefu.”

“Wa kufanyia nini?”

“Wa kunywea uji.”

Swaleh alicheka mpaka kofia ikadondoka. Nani Tarime asiyejua kazi ya mrija wa shaba? Sukari guru huvundikwa pipani ichachuke, kisha huchemshwa. Mvuke hupita mrijani ndani ya maji baridi, na kinachodondoka ni gongo. Serikali ilikuwa imeipiga marufuku. Mgambo wa kijiji cha ujamaa cha Susuni waliikamata mchana na kuinywa jioni.

Mrija ule Swaleh aliupinda kwa mikono yake na kuupeleka Susuni mwenyewe kwa baiskeli. Tangu hapo baiskeli ikawa haijui njia nyingine.

“Swaleh wangu, gongo hunywi hata tone. Unafuata nini huku?”

“Namfuata mpishi.”

“Mpishi ana baba.”

Hapo ndipo penye kazi. Mzee Mseti alikwisha apa kwamba binti yake ataolewa kwa ng'ombe, na Mkurya mwenzake, si mtu aliyekuja na nyundo mkononi. Lakini Jumamosi moja alituma ujumbe: angepita mtoni, pale Mokami anapopikia, amwone huyo kijana kwa macho yake.

Mokami hakulala kwa wasiwasi. Asubuhi pipa lilipoanza kuchemka, maji ya kupozea mrija yakapata moto, akabeba ndoo, akamwachia Swaleh moto.

“Chochea taratibu, mpenzi. Nakuja sasa hivi.”

Matone yakaanza. Swaleh alilelewa hivi: embe la kwanza, sahani ya kwanza, vyote ni vya mkubwa. Akakinga kikombe cha kwanza, akakifunika kwa jani. Mzee Mseti alipotokea, akampa kwa mikono miwili.

“Shikamoo, mzee. Karibu.”

“Marahaba, mura, kijana wangu.” Mzee akanywa chote, akalamba midomo.

Mokami alirudi akamkuta baba yake ametulia na kikombe kitupu. Alidhani amepewa gongo ya juzi, ile ya chupani, akafurahi. Kisha akakinga kikombe akakimwaga chini, kama wapishi wote wa huko. Cha kwanza ni cha wafu, hakinywewi na aliye hai, kwani kina sumu.

Kulipokucha Mzee Mseti aliuliza, “Mbona hamfungui mlango?”

Mlango ulikuwa wazi.

Hospitalini waliulizwa amekunywa nini. Wakasema maziwa, kwa kuogopa jela. Mzee akarudishwa nyumbani na giza lake. Wangwe, kaka yake Mokami, akanoa panga. “Alinyimwa mke, akamwekea baba sumu!” Na Mokami, masikini, aliamini.

Alikwenda Tarime kwa miguu, akaingia kibandani kwa Swaleh bila hodi.

“Baba yangu alikukosea nini?”

“Mokami, roho yangu, una nini?”

“Baba haoni! Ulimpa nini?”

“Nilimpa kile kile ulichokuwa unapika. Cha kwanza kabisa. Nilimwekea kwa heshima...”

Mokami aliketi sakafuni. “Cha kwanza humwagwa, Swaleh. Kwetu hata mtoto anajua.”

“Mimi nani aliniambia?”

Hakuna aliyemwambia. Mokami alijishika kichwa. Swaleh angekuwa mwovu, angemchukia, ingekuwa nafuu. Lakini alikuwa ni Swaleh yule yule, analia kwa kwikwi kama mtoto.

“Nitakwenda kwa mzee, nimwangukie miguuni.”

“Wangwe atakukata kabla hujafika. Lori la Musoma liko stendi. Panda.”

“Bila wewe?”

“Baba ataongozwa na nani? Apa kwamba hutarudi. Apa, kama unanipenda.”

Swaleh aliapa. Mokami akasimama stendi mpaka vumbi la lori likatulia, akaanza safari ya kurudi Susuni.

Jua lilikuwa linazama alipofika. Baba yake alikaa mlangoni, juu ya kigoda.

“Mokami, umetoka mjini?”

“Ndiyo, baba.”

“Nimemnyang'anya Wangwe panga. Mwenye sumu hutetemeka mkono. Yule hakutetemeka.” Mzee alikohoa. “Na mimi sikwenda mtoni kumkataa. Nilitaka nimwone tu, kisha nimwambie mama yako tumekubali. Ng'ombe atatafuta polepole. Kamlete, mwanangu.”

“Ameondoka, baba. Nimemfukuza mimi. Nimemwapisha asirudi.”

“Kwenda wapi?”

“Kwao. Pangani.”

“Pangani ni wapi?”

Mokami hakujua. Alianguka kando ya kigoda akalia kwa sauti, na mzee akanyoosha mkono kumtafuta, akapapasa hewa tupu, asijue kilio kinatokea upande gani.