Karatasi ya Kitanda cha Sita

Wiki ya tatu tangu aletwe kwenye nyumba ya wazee katika mji wa Mompox, Kolombia, Bibi Ubaldina alisokota waya mwembamba ukawa ua la petali nane. Maisha yake yote alikuwa akifua nguo za watu. Usonara hakuujua.

Muuguzi Nohemí alilisifu ua lile. Karatasi iliyobandikwa juu ya kitanda cha bibi, cha sita, ndiyo iliyomwelekeza: mpe waya, mpe kahawa chungu saa tisa alasiri, akikasirika mwite "fundi". Kila mzee pale alikuwa na karatasi yake ya mambo anayopenda, ili akishajisahau wengine wamkumbuke. Ila hii ilikuwa ya Mzee Eliécer, sonara aliyefia kitandani hapo, na hakuna aliyeibandua.

Jumapili Yadira, binti wa Bibi Ubaldina, alipokuja kumtazama mama yake, chumba kilinuka tumbaku ingawa hakuna aliyevuta, na vidole vya bibi viligonga ukingo wa kitanda, taratibu, tena na tena, kama kinyundo juu ya fedha.

"Mama, ni mimi."

Sauti ya kiume ikajibu kinywani mwa bibi. "Mama yako yuko huku ndani. Hakuna anayemwita."

"Ee Bikira!" Nohemí alinong'ona. "Ni Mzee Eliécer. Nimemlisha kwa mikono yangu, kwa kuifuata karatasi yake!" Akachukua karatasi tupu. "Dada, upesi, tumwandikie mama yako karatasi yake mwenyewe ili arudi. Anapenda nini?"

"Anapenda... kufua."

"Hiyo kazi, dada. Anapenda nini?"

Yadira akaketi, akapokea karatasi na kalamu.

"Samaki, minofu ya tumboni," ile sauti ikasema kwa upole. "Vichwa alikula ili wewe ushibe. Ngurumo anaziogopa. Usiku hupenda kushikwa miguu."

Yadira aliandika huku machozi yakilowesha wino. Kwa kila neno, macho ya mama yalizidi kufifia.

"Mzee anammaliza!" Nohemí akapanda kiti aichane karatasi ya zamani. "Hii ndiyo inayomweka mzee hapa."

Yadira akamdaka mkono.

"Usiichane. Mimi sijui kitu juu ya mama, ila anachoniambia huyu."

Akakaa tena, akaishika kalamu vizuri.

"Endelea, fundi."