Feni Iliyopulizwa kwa Mdomo

Haya yalimpata rafiki yangu Wahabu, mwenye chumba cha gemu pale Koboko. Mchana mmoja joto la kadi ya picha ya kompyuta yake lilipanda hadi nyuzi tisini na moja. Akaizima, akaifungua, akapuliza vumbi la feni kwa mdomo, kama sisi wote tunavyofanya.

Alipoifunga tu, kwenye giza la mapazia, feni ikaanza kuvuma yenyewe, ikifuata pumzi zake. Akabana pumzi, ikatulia. Akapumua, ikavuma. Kisha feni ikaongeza kasi, na kifua chake kikaifuata. Hakuweza kukizuia.

"Jalia," akamwita dada yake aliyekuwa jikoni, "kuja chomoa waya ya kompyuta."

"Waya nilichukua wakati unapuliza vumbi," Jalia akajibu. "Iko hapa kwa birika ya umeme, nachemsha chai."