Mzigo wa Mpagazi

Mjomba Voka alikuja kumpokea mpwa wake mikono mitupu, lakini mgongo wake ulikuwa umejikunja kama wa mtu aliyebeba gunia la nazi kavu. Eslin alimwona tangu lori lilipomshusha kando ya barabara ya pwani, akajisemea kwamba mzee amezeeka vibaya. Kisha akaona nyayo zake. Mjomba alikuwa kijitu chembamba, mifupa na ngozi tu, lakini kila alipokanyaga mchanga mbichi kisigino kilizama hadi kwenye kifundo cha mguu. Eslin alimfuata nyuma na begi kubwa mgongoni, na nyayo zake mwenyewe zilikuwa hazionekani vizuri.

Hakulitilia maanani. Mtu aliyesubiri maisha yake yote kufika kwao hana muda wa kukagua nyayo za watu.

Alizaliwa Brisbane, akakulia huko huko, na kila alipomuuliza mama yake kwao hasa ni wapi, mama alijibu bila hata kugeuka kutoka kwenye vyombo alivyokuwa akiosha: "Kwetu ni hapa hapa." Guadalcanal, kisiwa alikozaliwa mama, ilikuwa jina la kwenye ramani. Halafu mwaka huo mjomba akaanza kupiga simu. Ukoo unakwisha, alisema. Wamebaki watatu tu: yeye, dada yake, na Eslin. Watoto aliowazaa yeye ni wa ukoo wa mama yao, hawawezi kurithi kitu. Ardhi inamngoja binti. Na mama, ambaye siku zote simu za kwao alikuwa akizikata kabla hazijaita mara mbili, safari hii alilia, akanunua tikiti yeye mwenyewe, na pale uwanja wa ndege akamshika binti yake mashavu akamwambia: "Chochote atakachokupa mjomba wako, pokea kwa mikono miwili."

Nyumbani kwa mjomba alipokewa na mkaza mjomba wake, Nerolin, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka kanisani.

"Ndiye huyu? Mbona miguu kama ya korongo! Huko kwenu hawali?"

"Wanakula, mama. Mimi ndiye sinenepi."

"Kaa hapa mwezi mmoja. Hata mlango utakukataa."

Akampakulia viazi vitamu na samaki wa tui, akamwongeza bila kuulizwa. Lakini Eslin aliona kitu kimoja. Nerolin alicheka, alitania, aligusa nywele za mgeni wake, na muda wote huo hakumtazama machoni. Mjomba naye alikula amesimama, kifua kimeegemea ukuta. Alisema akikaa, kunyanyuka ni kazi.

Asubuhi yake mvua ilipokatika, mjomba alimpeleka kwenye makumbusho yake. Yalikuwa nyuma ya nyumba, uwanja uliozungushiwa ua wa vile vyuma vya matundu ambavyo Wamarekani, wakati wa vita vya dunia, walivitandaza chini ili ndege zao zitue. Ndani kulikuwa na kutu ya kila aina: kofia za chuma zimepangwa kama nazi sokoni, mizinga, chupa za soda za kale, na mabawa mawili ya ndege, moja limetobolewa na mshelisheli uliomea katikati yake. Mjomba aliyaokota yote porini kwa mikono yake, na watalii walikuja kuyapiga picha.

"Bawa hili la Mmarekani, lile la Mjapani," alisema akihema. "Waliuana kwa ajili yake. Sasa yote mawili ya kuku wangu."

Eslin alicheka, na mjomba akacheka pia, na msichana akahisi kwamba hatimaye ana watu.

Mwisho wa uwanja kulikuwa na kibanda cha makuti. Humo ndimo zilimokaa kumbukumbu za watu wao, yaani wapagazi, wale waliowabebea wageni risasi na mchele mlimani, kwenye matope, wakati vita si vyao. Ukutani palitundikwa picha ya mzee Chaku, kaka wa bibi yake Eslin, na nishani kifuani. Chini ya picha, juu ya gogo, lilikuwa kasha la risasi lenye mikanda miwili ya magome ya mti. Kibanda kilinuka kutu na magome yaliyolowa, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya jasho la mtu, jasho bichi, ingawa hakuna aliyekuwa amefanya kazi humo.

"Walikuwa wawili," mjomba alisema. "Chaku na mdogo wake, Leve. Leve alipigwa risasi akafia mikononi mwa kaka yake. Kasha hili ni lake." Akatafuna popoo yake taratibu. "Njoo nikutambulishe. Mtoto wa ukoo hakanyagi hapa bila wakubwa kumjua."

Akachovya kidole kwenye chokaa ya kutafunia popoo, akampaka kwenye paji la uso, akageukia mlimani na kuita kwa sauti ambayo Eslin hakujua kama kile kifua chembamba kinayo: "Leve! Huyu ni Eslin Sevotu, binti wa dada yangu! Damu yako hii! Mtazame sura! Ndiye huyu!"

Sevotu lilikuwa jina alilopewa na bibi yake, jina ambalo hakuna aliyelitumia Brisbane. Machozi yakamtoka papo hapo. Alikuwa bado analia mjomba aliponyanyua kasha, akamgeuza taratibu, akamtwika mgongoni.

"Lishike vizuri. Tupige picha ya kumpelekea mama yako."

Eslin akaipokea ile mikanda kwa mikono miwili. Kasha lilikuwa tupu, jepesi kama kikapu. Picha ikapigwa.

"Nisaidie kulitua, mjomba. Mkanda umenasa kwenye nywele."

Mjomba akarudi nyuma hatua mbili. "Litue mwenyewe tu, mwanangu. Liache hapo hapo."

Akalitua mwenyewe. Na alipoinua macho, alisikia mifupa ikilia, mmoja baada ya mwingine, kutoka kiunoni mpaka shingoni, na mjomba wake akainuka mbele yake, akazidi kuinuka, hadi kichwa kikagusa makuti. Alikuwa mtu mrefu. Eslin hakuwahi kufikiri kwamba mjomba wake ni mtu mrefu.

"Hali ya hewa ikikauka, mgongo hunyooka," mjomba alisema, akatoka haraka. Nje mvua ilikuwa imeanza tena.

Mchana huo Eslin alikalia kigoda cha jikoni kikavunjika vipande. Nerolin hakucheka. Alasiri alipokwenda kuoga kijitoni, kuku waliokuwa njiani walitimka wakiwa bado mbali naye, na mabega yakaanza kumuuma kwa michirizi miwili, huu huku na huu huku, mahali ambapo mikanda ilikuwa imepita. Nyuma yake kulikuwa na mtu anatembea. Hatua zilikuwa nzito, za kuburuta, za mtu aliyechoka kupita kiasi, na akisimama nazo zilisimama, na akigeuka hapakuwa na kitu ila mihogo ya watu na mvua. Akaongeza mwendo. Kule nyuma nako mwendo ukaongezwa, na sasa pumzi ikawa kwenye kisogo chake, pumzi ya moto yenye homa na harufu ya magome yaliyolowa, ikamfuata akipita mihogo, ikamfuata akivuka kijito, na alipotazama chini akaona miguu yake mwenyewe, ile ya korongo, inazama kwenye matope hadi kifundoni, na alipojaribu kuinyoosha shingo akashindwa, kwa sababu kuna kidevu kilikuwa kimelazwa begani kwake, na sauti ya kijana, ya upole, ya mtu asiyetaka kusumbua, ikamuuliza sikioni: "Bado mbali, kaka?"

Alifika jikoni akitambaa. Nerolin alikuwa amekaa anamngoja, kanga haijafungwa vizuri, macho mekundu.

"Amekuuliza?" akanong'ona.

"Nani huyo, mama? Nani?"

"Punguza sauti. Leve. Hakupigwa risasi. Alishikwa na homa njiani, Chaku akamwacha kwenye pango na mzigo wake mgongoni, akamwambia ningoje, nafuata msaada. Akaja huku akavishwa nishani. Hakurudi kumchukua hata maiti. Wazee wote walijua. Walinyamaza, na pango wakaliacha."

"Na mjomba?"

"Mjomba wako alitaka vitu vya kuonyesha watalii! Akaingia, akalivua lile kasha kwenye mifupa, mifupa akaisukuma pembeni kama kuni. Alirudi nyumbani hivyo, amekunjika. Mzimu ule hautaki watoto wangu, si damu yake. Unamtaka mtu wa ukoo ambebe mpaka afike." Nerolin akajifuta pua. "Nilimwambia, usilete mtoto wa watu. Nilimwambia mpaka nikachoka."

"Kwa hiyo chokaa ile, na jina la bibi..."

"Alikuwa anakukabidhi, mwanangu."

Eslin hakulia. Machozi yake alikuwa ameyamaliza asubuhi, kwa furaha, na hilo lilimuuma kuliko mabega.

Nerolin ndiye aliyemwita Bruda Hendri, mtawa mwenye fimbo, ambaye watu wa pwani ile humwendea kila jambo la namna hiyo linapowakuta. Alikuja kesho yake baada ya sala ya asubuhi, mtu mfupi mpole, miguu peku. Alinyunyiza maji ya baraka, akasali, kisha akailaza fimbo juu ya mabega ya Eslin. Fimbo ikapinda kama imetundikwa ndoo kila upande. Bruda akaiondoa upesi, jasho linamtiririka.

"Pepo ningemfukuza," alisema. "Huyu si pepo. Ni ndugu yenu aliyedanganywa, na ana haki yake. Mkono uliotwika ndio unaotua, hakuna mwingine. Mzee Voka, mtue mpwa wako. Kisha mbebe Leve umzike kwao. Nitakwenda na wewe mpaka kaburini."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, wima kama mlingoti. Aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mjomba," Eslin alisema. "Nitue."

"We bado kijana, mwanangu. Una mgongo."

"Uliniita nije nirithi."

"Nimekurithisha," mjomba akasema. "Sikuwa na kingine."

"Mzee Voka!" Bruda akapaza sauti. "Huoni haya? Kitovu chako kimezikwa pamoja na cha mama yake!"

"Naona haya. Kila siku nitaona haya. Lakini nimelala jana, Bruda. Nimelala chali! Unajua ni lini nililala chali?" Akamtazama Eslin, akatazama pembeni. "Usinihukumu, binti yangu. Hata Chaku aliona haya."

Akatoka, akapita kwenye kofia zake za kutu, akashika njia ya ufukweni, mikono bado imefichwa nyuma. Mchangani nyayo zake zilikuwa nyepesi kama za mtoto. Nerolin alimwita kwa jina, akamtukana, akamwita tena, naye hakugeuka.

Mtandao wa simu unapatikana kilimani tu, juu ya kanisa. Eslin alipanda polepole akishika miti, Bruda Hendri nyuma yake akisali kimoyomoyo. Kila walipopumzika, sauti ile ya upole iliuliza kama bado ni mbali, na ilipofika mara ya kumi Eslin akajikuta anaijibu: "Bado kidogo." Alikuwa na mama. Hilo ndilo alilolishika njia nzima. Mama angepanda ndege, angekuja, angemshika kaka yake masikio na kuilazimisha ile mikono, au angalau angemwambia mwanawe arudi nyumbani, na huko Brisbane, kwenye jiko lao lenye taa nyeupe, mambo ya mapangoni yangekosa pa kukaa.

Simu iliita mara moja tu. Mama alikuwa ameishika mkononi.

"Mama," Eslin alisema.

"Umefika makumbusho?"

"Nimefika. Mama, mjomba—"

"Amenyooka?"

Upepo ulikuwa unavuma juu ya kilima, Eslin akadhani ndio uliomletea neno hilo. "Umesemaje?"

"Kaka yangu. Mgongo wake. Umenyooka?"

Eslin hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu mgongo wa mjomba. Alikumbuka ile mikono mashavuni mwake pale uwanja wa ndege, na ule usia wa kupokea kwa mikono miwili, na tikiti iliyolipiwa bila kuombwa.

"Umenyooka, Mama."

Akasikia mama yake akishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyeliona gari likipita sentimita chache kutoka kwake. Kisha akamsikia analia, na kilio chenyewe hakikuwa cha huzuni. Watatu walikuwa wamebaki katika ukoo ule, na kama asingeubeba Eslin, mzigo ungekuwa wa mama.

"Nakuja nyumbani," Eslin alisema. "Kesho. Natafuta ndege."

"Usije!" Mama alilitoa upesi mno, akajirudi, akalainisha sauti. "Usije huku kwanza, mwanangu. Kaa huko. Watu wako wapo huko, ardhi yako ipo huko. Si ulikuwa unaniuliza kila siku?" Akameza mate. "Huko ndiko kwenu."

Simu ikakatwa. Begani mwa Eslin kidevu kikajilaza vizuri zaidi, kama cha mtu anayetaka kupata usingizi. Bruda Hendri alimuuliza mama amesema nini. Eslin aliinama, akaanza kuteremka, na udongo wa kilimani ukawa unabonyea chini ya visigino vyake.