Hasira Mikononi mwa Bora

Hasira hasara, walisema wahenga. Kwa Bora mambo yalikwenda kinyume. Hasara ilitangulia, hasira ikafuata nyuma yake.

Bora alikuwa fundi wa kushona katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi. Cherehani yake ilikaa barazani. Asubuhi wateja walishuka kwenye kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, wakiwa na vitenge mkononi. Wengine walitoka mbali, hata Dowa, kwa sababu nguo ya Bora ilimkaa mtu. Binti yake Arlène alitia makaa kwenye pasi na kunyoosha nguo zilizokwisha kushonwa.

Mikono ya Bora watu waliisifu. Mdomo wake waliuogopa. Mteja akiuliza mara mbili nguo itakuwa tayari lini, alirushiwa kitambaa chake. Majirani walimwita Mama Pilipili.

Kwao kulikuwa Fizi, Kongo. Watu wenye silaha walichoma kijiji, na mama yake Bora alibaki ndani ya nyumba. Jambo hilo Bora alimwambia mtu mmoja tu, Ezechiel, mzee wa kanisa, aliyeahidi kumwombea. Jumapili iliyofuata Ezechiel alisimama mbele ya kanisa akalisimulia lote, hadi jinsi mama alivyoita jina la binti yake. Kisha akamtaka Bora aje mbele, atoe ushuhuda kwamba amewasamehe waliochoma.

Bora alisimama palepale alipokuwa.

"Kule waliniibia mama," alisema. "Na wewe umeniibia kifo chake."

Akatoka. Tangu siku hiyo wakasema ana pepo la hasira. Ezechiel alituma watu kumwambia aombe radhi mbele ya kanisa. Bora aliwafukuza.

Lakini hasira isiyo na mahali pa kukaa humkalia aliye karibu. Siku moja Arlène aliunguza gauni la mteja. Bora alinyanyua mita yake ya mbao ya kupimia vitambaa, akampiga nayo mkononi, mita ikavunjika. Mtoto hakulia. Alimtazama mama yake kama mtu anayemtazama mgeni.

Charlène, wifi yake Bora, alikuja kutoka Lilongwe akamchukua mtoto kwenda naye kwake, mtaa wa Chilinde. Hakupiga kelele. Alisema Arlène hatarudi mpaka Bora atafute mtu wa kumsaidia. Akamtajia Godelive, mshauri anayetibu watu kwa mazungumzo katika chumba kimoja nyuma ya zahanati.

Bora alikwenda huko akiwa amekunja uso.

Ndani mlikuwa na viti viwili. Godelive alimwambia achague chake na akiweke anapotaka. Bora alikivuta mpaka mlangoni, akasema kwa ufupi kwamba alimpiga mtoto na wifi yake Charlène akamchukua.

"Na yangu utayahubiri siku gani?" aliuliza, akaeleza jinsi kifo cha mama yake kilivyosimuliwa kanisani bila ruhusa yake.

Godelive hakucheka. Alieleza kwamba yanayosemwa chumbani mle hayaendi kwa mchungaji, wala kwa ndugu, wala kwa jirani. Mambo mawili tu yangemfanya atafute msaada kwa wengine: akiona Bora anataka kujiua, au mtoto yuko hatarini. Hata hapo, angemwambia Bora kwanza.

"Na mtoto ulimpiga," alisema. "Kwa hiyo nitamwita Charlène kwenye simu, nijue kama Arlène iko salama. Nitamwita sasa, we mwenyewe ukisikia."

Alipiga simu. Arlène alikuwa salama. Bora alikasirika, lakini aliona kitu kipya: mtu amesema neno mbele yake, si nyuma yake.

"We ulitoka wapi?" aliuliza.

Godelive alisema alikuwa muuguzi kule Bukavu, Kongo. Kila mwanamke aliyeumizwa vitani akiletwa, ndugu na wachungaji walimwambia asamehe kabla hata hajapewa maji ya kuoga. Yeye alinyamaza, akafunga vidonda. Alipofika Dzaleka usingizi ulimkataa. Mshauri mmoja wa Lilongwe ndiye aliyekaa naye, wiki kwa wiki, bila kumharakisha. Baadaye akaenda kuisomea kazi hiyo.

"Hasira mi pia niko nayo," alisema. "Nimeisomesha. Haijaisha."

"Basi mi siko na pepo?"

"Uko na msiba, Mama Arlène. Hasira yako iko na haki ya kusema. Haiko na haki ya kupiga mtoto."

Bora aliuliza kama atatakiwa kusimulia habari za moto.

"Hapana. Walikusimulia bila ruhusa yako. Siku ukitaka, utasema. Usipotaka, tutaanza na mwili. Hasira inakuanzia wapi?"

Bora aliitazama mikono yake.

Walianza na mikono. Godelive alimfundisha kuwahi dalili. Vidole vikianza kupata moto, aweke chini alichoshika. Amwambie mtoto, "Narudi." Aende ukutani, akandamize viganja kwa nguvu zake zote, atoe pumzi polepole mpaka mabega yashuke. Ukuta hauumii. Halafu arudi aseme kwa maneno kilichomkasirisha.

Haikuwa rahisi. Siku nyingine alitupa mkasi kabla ya kukumbuka ukuta. Alimweleza Godelive akitazamia kukemewa. Godelive aliuliza tu ni nini kilitangulia, wakakitafuta pamoja. Na siku moja, bila kuulizwa, Bora alisema jina la mama yake. Alilia mpaka kitenge chake kikalowa. Godelive hakumwambia anyamaze.

Ndipo Bora akapanda minibasi kwenda Chilinde. Arlène alikuwa uani akiosha sahani. Bora alinyoosha mkono kumsalimu. Mtoto alijikinga uso.

Bora aliushusha mkono. Alikuwa amekuja na maneno mengi, ya Fizi, ya kanisa, ya gauni lililoungua. Yote akayaacha.

"Nilikupiga," alisema. "Nilikosea. Kosa ni langu, si lako."

Hakutia neno "lakini". Arlène alimtazama kwa muda mrefu, akisubiri lile neno. Halikuja. Hakurudi Dzaleka siku hiyo, wala Bora hakumlazimisha. Aliendelea kuja kumtembelea, na siku moja mtoto akafungasha nguo zake mwenyewe kurudi Dzaleka.

Walipokuwa wamerudi barazani, pasi iliunguza kola ya shati. Arlène alikauka. Bora aliweka mkasi chini.

"Narudi," alisema.

Alikwenda ukutani. Aliporudi, alisema amekasirika kwa sababu shati ni la mtu. Akasema makaa yalikuwa mengi, wayapunguze, na kola watashona nyingine. Arlène akaenda kutafuta kitambaa, akiimba chinichini.

Habari zikaenea kwamba Mama Pilipili amepoa. Ezechiel akaja na tabasamu. Alisema Bora sasa amepona, Jumapili aje mbele ya kanisa aombe radhi kwa maneno yale.

Bora hakusimamisha cherehani mpaka mshono ulipofika mwisho.

"Papa Ezechiel, msamaha niliomba kwa huyu mtoto, juu nilimkosea. Siri ya mama yangu nilikupa wewe, ukaigawa."

Ezechiel alitikisa kichwa, akasema kumbe hasira bado iko.

"Iko," alisema Bora, akakata uzi. "Na kwako siombi radhi."